Siri ya gitaa la Queen haikununuliwa dukani

Wasikilizaji wengi wa Kiswahili wanalifahamu kundi la muziki la Queen kutokana na mwimbaji wake, Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Lakini kila inapochezwa Bohemian Rhapsody ya mwaka 1975, kuna sauti ya pili ambayo haisahauliki. Ni ile ya gitaa la Brian May, sauti nzito lakini laini, inayovuma kama mtu anayeimba.

Vijana wanaojifunza gitaa wanaitafuta sauti hiyo hadi leo. Wengi huanzia dukani, na wako wanaotumia mshahara wa miezi kadhaa kununua vifaa vyenye majina makubwa, kisha wakirudi nyumbani hawaipati. Sababu ni kwamba sauti hiyo haikutokana na kifaa kimoja cha bei ghali. Ilitokana na vitu kadhaa, baadhi yake vya kuokoteza, vilivyounganishwa kwa mpangilio maalumu.

Mbao za meko

Mwezi Agosti mwaka 1963, May akiwa bado mwanafunzi, alianza kuunda gitaa lake mwenyewe nyumbani kwao akisaidiana na baba yake, Harold, aliyekuwa mtaalamu wa elektroniki. Shingo ya gitaa ilichongwa kutoka katika ubao wa meko ya zamani. Vitufe vya mama yake viligeuzwa alama za kuonyesha mahali pa kuweka vidole, na springi za injini ya pikipiki kuukuu zikatumika katika sehemu inayolegeza na kukaza nyuzi. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka miwili na kugharimu kiasi cha pauni 8.

Vitu vichache walivyonunua ni pamoja na vinasa mtetemo vitatu vya kampuni ya Burns, yaani sumaku zilizozungushiwa waya ambazo hugeuza mtetemo wa nyuzi kuwa umeme. Katika magitaa mengi ya umeme, vinasa vikitumika viwili kwa pamoja huunganishwa sambamba. May aliviunganisha kwa mfuatano, kimoja baada ya kingine, ili umeme unaotoka uwe na nguvu zaidi. Kila kinasa kilipewa swichi zake.

Vali zinapozidiwa

Umeme huo huenda kwenye kikuza sauti cha Vox aina ya AC30, chenye nguvu ya wati 30, kinachotumia vali. Hizo ni chupa ndogo za kioo zilizoondolewa hewa, kama zile zilizokuwamo katika redio za kale kabla ya transista kuenea. Mawimbi ya umeme yakiwa madogo, vali huyakuza bila kuyabadili umbo. Yakizidi uwezo wake, vilele vya mawimbi hubanwa na kubapa kidogo kidogo. Kubapa huko huzaa sauti za juu ambazo hazikuwamo mwanzoni, na sikio huzipokea kama ukali wenye joto na utamu.

Ili vali zizidiwe, May hukifungulia kikuza sauti hicho hadi mwisho. Kati yake na gitaa huweka kifaa kidogo kinachoongeza nguvu ya sauti za juu na kuziacha nyuma zile nzito. Mpangilio huo alijifunza kwa mpiga gitaa wa Ireland, Rory Gallagher. Bila kifaa hicho, sauti nzito zingezisonga vali na kila kitu kingevurugika. Baada ya hapo, kazi yote hufanywa na kitufe kilichoko kwenye gitaa lenyewe: kikipunguzwa, sauti husafika, kikiongezwa, hunguruma.

Nyuzi hazipigi kwa kipande cha plastiki kama wafanyavyo wengi, bali kwa sarafu ya Kiingereza ya peni 6. Kingo zake zenye meno hukwaruza uzi kidogo na kuipa kila noti mwanzo unaosikika wazi.

Kibao kutoka jalalani

Mfano wa kushangaza zaidi unamhusu mpiga besi wa kundi hilo, John Deacon, aliyesomea elektroniki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliokota kibao cha saketi kwenye pipa la taka mjini London, akakiunganisha na spika na kukiendesha kwa betri ya volti 9. Kikuza sauti hicho kidogo ndicho May alichokitumia katika wimbo wa Good Company wa mwaka 1975, ambamo magitaa yanasikika kama tarumbeta na klarineti za bendi ya jazi. Alirekodi kila sehemu peke yake, moja juu ya nyingine.

Kwa anayetaka kuiga

Kijana anayeishi katika fleti, ukuta mmoja na jirani, hawezi kufungulia wati 30 hadi mwisho, wala si salama kwa masikio yake. Kupunguza wati pia kuna mipaka: nguvu ikishuka kutoka wati 30 hadi 3, sikio huhisi sauti imepungua kwa takriban nusu tu. Ndiyo maana wengi hutumia vikuza sauti vya wati moja au chini yake, au programu za kompyuta zinazoiga mwenendo wa vali na kusikilizwa kwa vipokea sauti vya masikioni.

Lililo muhimu ni kufuata mpangilio: kwanza umeme wenye nguvu kutoka kwenye gitaa, kisha kuzipunguza sauti nzito, na mwisho kukizidishia kikuza sauti mzigo. Kifaa cha kuongeza sauti za juu kinaweza kujengwa kwa transista moja na vipuri vichache. Kurekodi gitaa moja juu ya jingine, kazi iliyohitaji studio kubwa mwaka 1975, leo hufanyika kwa kompyuta ya kawaida.

Linalobaki ni vidole, na jinsi vinavyoutikisa uzi baada ya noti kupigwa. Hilo halipatikani ila kwa mazoezi ya kila siku, na halina bei.