Namna ya kufungua kilasi ya motere ya mashini ya kusaga



Katika bonde la Ruzizi na katika vijiji vingi vya Kivu, mashini za kusaga mihogo na za kutosha maganda ya mupunga zinazungushwa na motere ya mazuti ya pistoni moja, ile yenye kulala, yenye chombo cha maji juu yake. Yenye kujulikana sana ni S195 kutoka China: nguvu ya farasi 12, mizunguko 2.000 kwa dakika, silinda ya upana wa 95 mm. Ni motere ya kuvumilia. Lakini siku kilasi, ni kusema kichwa cha motere, inaleta shida, mihogo inabaki mu magunia na wamama wanabeba kosete ku kichwa mpaka soko ingine. Watu wanakuwa na haraka, kilasi inafunguliwa vibaya, na shida yenye ingeisha kwa juwe mupya tu inaomba sasa feza ya kilasi nzima.

Mbele ya kushika funguo, hakikisha kama ni kilasi kweli. Hapa wengi wanadanganyika. Motere hii inajipoesha kwa kuchemsha maji. Basi ukiona maji inatokota kisha saa moja ya kazi, ile si ugonjwa. Angalia asubuhi, motere ikiwa baridi: uiwashe, uchungulie mu chombo cha maji. Kama mapovu yanapanda mara moja, moja kwa moja, ni moshi wa silinda wenye kupita ndani ya maji. Tosha pia kijiti cha kupimia mafuta: mafuta yenye kuwa meupe sawa maziwa inaonyesha kama maji imeingia. Na kama manivele inazunguka pepesi sana, bila ule uzito wa kawaida, kompresio inatoroka. Hata hapo, kaza kwanza ekuru za kilasi motere ikiwa baridi, na upime nafasi ya supapu. Supapu yenye kufungwa vibaya inapoteza kompresio vilevile, na haiombe kufungua kilasi.

Kama ni lazima kufungua, acha motere ipoe usiku muzima. Kilasi yenye kufunguliwa ikingali na moto inapindika. Na usimwange maji baridi mu motere yenye imekaukiwa na maji na ingali inaunguza. Kilasi nyingi zenye kupasuka zimepasuka vile, si kwa uzee.

Funga robine ya mazuti, mwanga maji yote kwa robine ya chini. Tosha filitre ya hewa na eshapema. Fungua mupira wa kurudisha mazuti na tiyo ya chuma yenye kuenda ku injektere, kisha funika ncha zao na kitambaa safi, maana chembe moja ya mchanga inatosha kuharibu injektere. Kisha tosha kifuniko cha kilibitere. Zungusha volani polepole mpaka supapu zote mbili zifunge na kilibitere zicheze kidogo kwa mukono. Hapo njo utafungua kilibitere na kuvuta zile fimbo mbili zenye kusukuma supapu. Weka alama ku kila fimbo, ili irudi fasi yake.

Sasa ekuru kubwa za kilasi. Usifungue moja mpaka mwisho. Legeza nusu muzunguko, uende ku ile yenye kuwa ngambo yake, kama vile kuchora musalaba, urudilie mpaka zote zilegee. Kama kilasi inashikana, usiingize turnevisi kati yake na bloki: alama moja tu ya chuma pale, na juwe mupya haitafunga tena. Acha kila ekuru ishike kwa mizunguko michache, kisha zungusha manivele. Kwa kuwa fimbo zimetoka, supapu zinabaki zimefungwa na hewa ya silinda inasukuma kilasi yenyewe. Ikikataa, gonga pembeni na nyundo ya muti. Mwishowe tosha ekuru, watu wawili wavute kilasi sawasawa kwenye vyuma vyake, ni nzito. Iweke juu ya mbao, si juu ya mchanga.

Kuanzia pale, mutu yeyote asizunguushe volani. Shemize ya silinda inazungukwa na maji na inashikwa na kilasi. Kilasi ikitoka, pistoni inaweza kuinua shemize, mipira yake ya chini inakatika, na maji inapita mu mafuta hata kama juwe ni mupya. Waambie watoto pia, wanapenda kuchezea ile volani.

Juwe ya zamani usiitupe. Itazame: musitari mweusi wenye kutoka ku silinda mpaka tundu ya maji unaonyesha fasi moshi ulipita. Peleka ile ile juwe ku duka, ulinganishe matundu na mupya. Safisha kilasi na ubao ao wembe, si na meleze ya umeme. Angalia kama kuna ufa kati ya supapu mbili. Weka juu yake rula ya chuma yenye kunyooka: kama kipimo cha 0,10 mm kinapita chini, kilasi iende kwa turneri aisawazishe. Kama hakipite, hakuna sababu ya kulipa ile kazi, hata mufundi akisema ni desturi.

Kurudisha ni njia ile ile kinyume: juwe mupya moja, si mbili, bila karatasi, ekuru zikazwe kwa musalaba, mara tatu, kwa nguvu yenye kuandikwa mu kitabu cha motere. Kle ya kupima nguvu ni ghali kwa koperative moja, lakini koperative tano zinaweza kuinunua pamoja. Kwa S195, nafasi ya supapu ni 0,35 mm kwa ile ya kuingiza hewa na 0,45 mm kwa ile ya moshi, motere ikiwa baridi. Kisha saa chache za kazi, acha ipoe, kaza tena ekuru na upime supapu mara ya pili.