Kibali cha jukwaani na mipaka ya uhuru wa kujieleza

KUNA njia mbili za kudhibiti usemi. Ya kwanza ni kumwacha mtu anene, kisha sheria imwite ajibu iwapo amewadhuru wengine. Ya pili ni kumfumba kinywa kabla hajanena. Hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwani umma hunyimwa hata nafasi ya kupima kile kilichokatazwa.

Historia ya michezo ya kuigiza nchini Kenya yadhihirisha hayo. Mnamo Oktoba 1977, wakulima na wafanyakazi wa kijiji cha Kamiriithu, Limuru, walianza kuigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii, katika ukumbi wa wazi waliojijengea wenyewe. Wiki chache baadaye kibali chao kilifutwa. Desemba 31 mwaka huo, Ngugi wa Thiong'o alikamatwa, akazuiliwa bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Ukumbi wenyewe ulibomolewa mnamo 1982.

Ajabu ni kwamba miezi michache kabla ya hapo, riwaya yake ya Kiingereza, Petals of Blood, iliyokemea dhuluma zizo hizo, ilikuwa imezinduliwa hadharani na Mwai Kibaki, aliyekuwa Waziri wa Fedha. Riwaya iliwafikia wasomi wachache. Tamthilia ilisema kwa Kikuyu, mbele ya watu wasiohitaji kujua kusoma ili kuielewa.

Katiba ya 2010 ilibadilisha msingi wa mambo. Kifungu cha 33 chautaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa kisanaa. Aidha, chaeleza usichohusisha: propaganda za vita, uchochezi wa ghasia, matamshi ya chuki na utetezi wa chuki. Kumkera kiongozi hakumo katika orodha hiyo.

Msingi huo ulijaribiwa mnamo 2013, Shule ya Wasichana ya Butere ilipozuiwa kuigiza Shackles of Doom katika tamasha za kitaifa. Mahakama Kuu iliagiza mchezo huo uruhusiwe. Mnamo Aprili 2025, shule iyo hiyo ilipata agizo kama hilo kuhusu mchezo Echoes of War. Hata hivyo, mwandishi wake, seneta wa zamani wa Kakamega Cleophas Malala, alikamatwa, polisi wakafyatua vitoa machozi Nakuru, na wanafunzi wakaondoka baada ya kuimba wimbo wa taifa.

Hapo ndipo udhaifu ulipo. Tamasha huchukua siku chache tu. Agizo lisilotekelezwa siku hizo halina faida tena kwa mwigizaji, hata mahakama ikimpa ushindi baadaye.

Mipaka ya sanaa imekwisha kuwekwa na Katiba. Kinachobaki ni kumtaka anayekataza athibitishe, mapema na mbele ya hakimu, kwamba mipaka hiyo imevukwa. Akishindwa, pazia lifunguliwe.