Kijiti Kile Msikifagie

Sogeeni wajukuu. Na wewe mwenye embe, kanawe kwanza.

Ukimuuliza mtu wa Ujiji mti wetu ni upi, atakuonyesha mwembe. Hakosei sana. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika chini ya miembe, na Stanley alipomkuta Livingstone hapa mwaka 1871, mwembe ndio unaotajwa mpaka leo. Lakini kwao mwembe ni India na nchi za jirani. Ni mgeni aliyekaa siku nyingi hata tukamhesabu ndugu, na mimi sina ugomvi naye, maana embe lake nalila.

Mwenyeji mnamlalia kila usiku. Kitanda cha babu yenu ni cha mninga. Mti wenyewe uko kule vilimani, kwenye miyombo. Kiangazi kikikaribia kuisha, kabla hata mvua haijanyesha, unajaa maua ya manjano. Ukiuchanja gome, unatoa utomvu mwekundu. Utadhani umemjeruhi mtu. Na tunda lake! Bapa, duara kama kichapati, ukingoni jepesi kama karatasi ili upepo ulibebe, katikati lina miiba kama nungunungu mdogo.

Nikiwa na umri wenu nilipanda mninga nyuma ya jiko. Mvua ilipokuja, ukachipua majani machache, nikaringa nao mtaa mzima. Ilipofika Julai kijiti kikakauka kau. Nikanuna, nikakichimbua nikitupe. Kumbe! Kijiti kilikuwa chembamba kama njiti ya kiberiti, lakini mzizi wake ulikuwa mnene kuliko kidole gumba changu, umeshuka chini kama muhogo.

Mama akaniuliza, "Mwanangu, nani kakuambia umekufa?"

Hiyo ndiyo hila ya mninga. Mche wake hauna haraka ya kurefuka. Mvua ikinyesha unatoa majani, majani yanatengeneza chakula, chakula kinashushwa mzizini. Kiangazi kikija, cha juu kinakauka. Mwaka unaofuata vilevile, na unaofuata. Unaweza kwenda hivyo hata miaka 10 na zaidi. Moto wa nyika ukipita unaunguza kijiti tu. Akiba iko chini, haiguswi. Siku mzizi ukishiba, shina linapanda, na kiangazi hakiliangushi tena.

Ndiyo maana mninga ni mgumu kuuhamisha. Ukiung'oa umeukata mzizi, na mzizi ndio mti wenyewe. Afadhali mbegu uizike palepale unapotaka kivuli, halafu uwe na subira, kitu ambacho mimi sikuwa nacho.

Sasa tazameni pale kando ya uzio, penye mawe matatu. Huu ni mwaka wake wa nne. Atakayefagia uwanja kesho apite mbali na mawe yale, na mbuzi wa jirani akiingia, mniite.