Amri na Mafaili (2): Nani Anayelifungua Faili?

Wiki iliyopita tuliishia kwenye amri moja moja za Linux. Leo tunazielekeza kwenye mafaili, kisha tuandike programu ya kwanza. Mfano wangu ni mvua, kwa kuwa Nyanda za Juu Kusini mvua haigawanyiki sawa: Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Iringa mjini haifikii nusu ya hapo.

Tuseme unalo faili mvua.csv, kila mstari una kituo, tarehe na milimita. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) anayetaka rekodi za Tukuyu peke yake ataandika:

grep "^Tukuyu," mvua.csv > tukuyu.csv

Alama > hupeleka matokeo kwenye faili. Kama lilikuwepo, yaliyomo hufutwa. Alama >> huongeza mwishoni bila kufuta. Alama < huliingiza faili kwenye amri. Haya yamo katika kila kitabu. Linalopitwa haraka mno ni hili: anayelifungua faili si grep, ni Bash, programu inayozipokea amri unazoandika, na hulifungua kabla grep haijaanza kazi.

Hakikisha mwenyewe. Ukiandika wc -l mvua.csv utapata idadi ya mistari pamoja na jina la faili. Ukiandika wc -l < mvua.csv utapata idadi tupu, kwani wc haikuambiwa jina. Imekabidhiwa faili lililokwisha kufunguliwa.

Asiyelijua hili anaweza kupoteza kazi ya miaka. Tazama:

sort mvua.csv > mvua.csv

Ungetegemea rekodi zipangwe. Lakini Bash hulifungua faili kwanza ili liandikwe, hulifuta lote, ndipo sort inapoanza kusoma, na haikuti kitu. Tumia sort -o mvua.csv mvua.csv, ambayo husoma yote kabla ya kuandika.

Sasa programu. Iandike kwenye faili hesabu.sh:

#!/bin/bash
for kituo in Tukuyu Uyole Iringa
do
  echo -n "$kituo "
  grep -c "^$kituo," mvua.csv
done > idadi.txt

Mstari wa kwanza unauelekeza mfumo uipe Bash faili hili ilisome. Bash yenyewe iliandikwa na Brian Fox, ikatoka mwaka 1989. Iruhusu programu kwa chmod +x hesabu.sh, kisha iendeshe kwa ./hesabu.sh.

Angalia > ilipokaa: baada ya done. Hapo faili hufunguliwa mara moja kwa mzunguko mzima. Ungeiweka ndani, kwenye kila amri, kila matokeo yangefuta yaliyotangulia, ukabaki na namba ya Iringa tu. Ukiweka >> ndani, hesabu za jana zitabaki juu ya za leo kila unapoiendesha.

Ikiwa mvua.csv haipo, malalamiko ya grep yatatokea kwenye skrini, ingawa matokeo tumeyaelekeza idadi.txt. Makosa yana njia yake, namba 2, nayo tutaishughulikia wiki ijayo.