Jicho Linalofifia Bila Kuwa Jekundu

Leo ni habari ya jicho linalouma ukiligeuza, na kuona kunafifia siku baada ya siku. Ukijitazama kwenye kioo ni jeupe kama kawaida, basi watu husema unajifanya. Hujifanyi.

Mshipa wa fahamu unaotoka jichoni hadi kwenye ubongo umevimba. Mshipa huo una ganda, kama waya wa stima. Katika ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, kinga ya mwili hushambulia ganda hilo. Huwapata zaidi wanawake, mara nyingi kati ya miaka 20 na 40, na jicho laweza kuwa dalili ya kwanza. Lakini si kila mwenye jicho hili ana ugonjwa huo. Daktari ndiye atakayepima.

Ziba jicho moja utazame nyanya mbivu, kisha uzibe la pili. Jicho gonjwa huiona imepauka.

Nenda kliniki ya macho bila kukawia. Matone ya dukani hayafiki kwenye mshipa huo. Wala usimeze prednisoloni aliyobakisha jirani mwenye pumu: utafiti wa Marekani wa mwaka 1992 ulionyesha kwamba vidonge vya kipimo cha kawaida, peke yake, viliongeza kurudi kwa uvimbe. Hospitalini dawa hupitishwa kwenye damu kwa siku 3 hivi, ili nafuu ije upesi. Wengi huona vizuri tena baada ya wiki kadhaa.

Hata ukishapona, ukioga maji moto au ukiinamia jiko, jicho laweza kufifia kidogo. Mwili ukipoa, kuona hurudi.