Maji ya Sayyid Barghash

Kabla ya zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Unguja tangu mwaka 1870 hata 1888, wakazi wa mji walitegemea visima vilivyochimbwa katika mawe ya matumbawe, mawe yenye vitundu vingi ambavyo uchafu wa makaro hupenya taratibu hata ukafika majini. Wala sioni ajabu kwamba kipindupindu cha 1869 na 1870, ambacho daktari James Christie alikishuhudia na kukiandikia kitabu, kiliangamiza maelfu ya roho.

Naye Sayyid, aliyezuru Uingereza mwaka 1875, akaamuru maji ya chemchemi iliyo upande wa Bububu, kaskazini ya mji, yaletwe kwa mfereji. Mtambo wa kuvuta maji haukuhitajika, maana chemchemi iko juu kuliko mji, na maji huteremka kwa uzito wake yenyewe, mradi mfereji usipande mahali popote zaidi ya chanzo chake.

Wageni husifu Beit al-Ajaib, kasri alilolijenga Sayyid huyo huyo mwaka 1883. Mimi naona mfereji ule una fadhila kubwa zaidi, kwani masikini, aliyekuwa akivuta ndoo kwa kamba kisimani, alijaza mtungi wake maji safi bila ya kutozwa hata pesa moja.