Mwenye mashoto anapotafuta gitaa la umeme kwa bei nafuu

MUUZAJI alimtazama mpwa wangu, akatazama jinsi alivyolipakata gitaa, kisha akanigeukia mimi kana kwamba msichana mwenyewe hakuwepo. "Mzee, mwambie abadilishe mkono tu. Atazoea. Magitaa ya mashoto hatuweki, na ukitaka tukuagizie utalipa zaidi ya mara mbili ya hili."

"Hili" lilikuwa gitaa la umeme la Sh18,000, jeusi, jipya, na lililotengenezewa mtu wa mkono wa kulia. Duka hilo lilikuwa la tatu kuingia siku hiyo katikati ya jiji la Nairobi, na jibu lilikuwa lile lile tulilopewa katika mawili ya kwanza. Msichana, ambaye ana umri wa miaka 14, alilirudisha gitaa ukutani polepole. "Mjomba, twende tu," akasema.

Naungama kwamba sikuwa msikilizaji asiyeegemea upande wowote. Mimi pia nina mashoto. Katikati ya miaka ya sabini, mwalimu wangu wa darasa la kwanza alinichapa rula kwenye vifundo vya vidole kila aliponiona nimeshika penseli kwa mkono wa kushoto. Hadi leo ninaandika kwa mkono wa kulia, hati mbaya ambayo wachapaji wa chumba cha habari waliilalamikia kwa miaka mingi, na mengine yote ninayafanya kwa kushoto. Lugha nayo haikutuonea huruma. Mkono wa kulia ni ule wa kulia chakula. Huitwa pia mkono wa kuume, ilhali wa pili ukaitwa wa kike, na kumpa mtu kitu kwa mkono huo ni utovu wa adabu. Basi muuzaji aliposema "abadilishe mkono tu", nilitaka kwanza kujua kama ushauri huo una msingi au ni njia ya kuuza kilichopo.

Msingi upo kwa kiasi fulani. Tofauti na kalamu, gitaa huhitaji mikono yote miwili, na kila mmoja una kazi ngumu. Kwa mpigaji wa kawaida, mkono wa kushoto ndio unaobana nyuzi shingoni, na wa kulia ndio unaozicharaza. Mtu anaweza kudai kwamba mwenye mashoto ana bahati, kwa kuwa mkono wake wenye ustadi ndio uliopewa kazi ya vidole. Mark Knopfler wa kundi la Dire Straits ana mashoto, na marehemu Gary Moore alikuwa nayo vilevile, lakini wote wawili walijifunza kupiga kama watu wa mkono wa kulia na hakuna aliyewahi kuwaona kuwa wapungufu.

Hata hivyo, mkono unaocharaza ndio unaoshika mapigo, na mapigo hayafundishwi kwa urahisi kama vidole. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, mpe mtoto fimbo ya ufagio, mpigie wimbo anaoupenda na umwambie ajifanye anacharaza. Usimwelekeze. Mkono utakaoanza kupiga mapigo wenyewe ndio wa kuusikiliza. Kama bado hajaanza kujifunza na mikono yote miwili inaonekana kukubali, sioni ubaya wa kumjaribisha mtindo wa kulia kwa wiki chache, maana atapata magitaa mengi ya kuazima na kununua katika maisha yake yote. Lakini kwa mtoto kama mpwa wangu, ambaye alikuwa amejifunza kwa mwaka mzima akiwa ameligeuza gitaa la kuazima la kwaya, kumwambia aanze upya ni kumrudisha kwa yule mwalimu wangu wa rula.

Kwa nini basi bidhaa hii ni adimu? Watu wenye mashoto ni karibu asilimia 10 ya binadamu wote, na kama tulivyoona, baadhi yao hupiga kwa kulia. Gitaa la kushoto halitumii mbao nyingi zaidi wala waya mrefu zaidi. Gharama yake hutokana na uchache. Kiwanda hulazimika kusimamisha mashine na kuzipanga upya kwa sababu ya idadi ndogo, na mwenye duka huogopa kufungia mtaji wake katika chombo kinachoweza kukaa ukutani miaka miwili. Ndiyo maana hata kampuni zinazoyatengeneza huyatoa kwa rangi moja au mbili tu. Ukitaka jekundu, subiri.

Magitaa ya kushoto ya bei ya chini yapo, ila mengi yako mbali nasi. Yamaha imekuwa ikitoa Pacifica 112 kwa mkono wa kushoto. Squier, ambalo ni jina la bei nafuu la kampuni ya Fender, ina matoleo ya kushoto ya Stratocaster. Na duka kubwa la Thomann nchini Ujerumani huuza aina yake lenyewe iitwayo Harley Benton, ambayo baadhi ya magitaa yake ya kushoto hugharimu euro 100 hivi. Anayeagiza atazame mwisho wa jina la modeli: herufi L au LH ndiyo inayoonyesha kuwa ni la kushoto, na kuikosa herufi hiyo ni kuletewa gitaa lisilokufaa.

Euro 100 hizo zisikudanganye. Gitaa ni mzigo mkubwa na mwepesi kuvunjika, na nauli yake ya ndege inaweza kufikia bei ya gitaa lenyewe au kuipita. Likifika nchini kuna ushuru wa forodha, ada ya tamko la uagizaji, ushuru wa reli na kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo hutozwa juu ya jumla ya bei, nauli na ushuru, wala si juu ya bei pekee. Wenye jamaa wanaosafiri kutoka ng'ambo huweza kupunguza sehemu ya nauli. Sisi hatukuwa na jamaa wa aina hiyo mwaka huo, na hapo ndipo tulipoanza kufikiria kuligeuza gitaa la mkono wa kulia.

Njia hiyo si ya aibu. Jimi Hendrix, ambaye wengi humtaja kama mpigaji mkuu kuliko wote wa gitaa la umeme, alipanda jukwaa la Woodstock Agosti 1969 akiwa na Stratocaster nyeupe ya mkono wa kulia aliyoigeuza juu chini na kuifunga nyuzi upya. Imesimuliwa katika familia yake kwamba babake hakupenda kumwona akitumia mkono wa kushoto, hivyo akajifunza kupiga pande zote mbili, kutegemea nani yumo chumbani. Paul McCartney naye alikuwa akihangaika na gitaa la kawaida hadi alipoona picha ya mwimbaji Slim Whitman ameshika gitaa lake kwa kushoto, akang'amua kwamba tatizo si yeye. Alipohitaji gitaa la besi mjini Hamburg mwaka 1961, alinunua Höfner la bei ya chini, lenye umbo la fidla, kwa sababu mojawapo kwamba pande zake mbili zinalingana na halionekani kichekesho likigeuzwa.

Hoja hiyo ya umbo ni muhimu kuliko inavyosikika. Magitaa mengi ya umeme yamekatwa upande mmoja wa kiwiliwili ili mkono ufikie sauti za juu mwishoni mwa shingo. Ukiligeuza, mkato huo huenda juu, na mkono wako unagonga mbao. Tafuta lenye pembe mbili zinazokaribia kulingana, kwa mfano muundo wa SG ambao Gibson ilianza kuutengeneza mwaka 1961 na ambao umeigwa na kampuni nyingi za bei nafuu.

Kazi kubwa ya fundi iko kwenye nati. Hiki ni kile kijipande cha plastiki au mfupa kilichoko mwanzo wa shingo, chenye mianya sita ya kupitishia nyuzi. Katika seti ya kawaida, uzi mnene kabisa una unene wa karibu milimita 1.2, na mwembamba kabisa ni robo ya milimita tu. Ukizibadilisha nafasi bila kubadilisha nati, uzi mnene hukaa juu ya mwanya badala ya kuzama, na mwembamba huchezacheza ndani ya mwanya mpana na kutoa mlio wa nyuki. Wapo wanaojaribu kuziba mianya kwa gundi. Ni heri kununua nati mpya. Ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa vya gitaa.

Baada ya hapo ni daraja, yaani pale nyuzi zinaposhikiliwa kwenye kiwiliwili. Kila uzi huhitaji urefu wake mahsusi ili sauti zisipotoke kadiri vidole vinavyopanda shingoni. Gitaa la umeme lina bahati kwa kuwa daraja lake huwa na skrubu za kurekebisha kila uzi. Namna ya kupima ni rahisi: piga uzi ukiwa wazi, kisha ubane kwenye chuma cha 12 na upige tena. Sauti ya pili lazima iwe ile ile ya kwanza, ila oktavu moja juu. Isipolingana, rekebisha. Gitaa la kawaida lisilo la umeme halina skrubu hizo, na mbao za kulitia nguvu tumboni zimepangwa kwa kufuata upande wa nyuzi nene na nyembamba, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba litageuka kwa wepesi huo huo.

Pikapu, vile vinasa-sauti vilivyo chini ya nyuzi, havina ugomvi mkubwa. Katika Stratocaster ile ya karibu na daraja imewekwa kimshazari, na ukiigeuza nyuzi nene hung'aa zaidi na nyembamba hulainika. Baadhi ya watu wa mkono wa kulia hutumia pesa nyingi kuutafuta mlio huo wa Hendrix. Mwenye mashoto anaupata bure. Kitufe cha mkanda huenda kikahitaji kuhamishwa. Vitone vya kuhesabia vilivyo ubavuni mwa shingo vitakuwa upande wa chini usiouona, na tone la rangi ya kucha huleta nafuu.

Kuna njia ya tatu, ambayo haina gharama yoyote. Elizabeth Cotten, mwanamuziki Mmarekani mweusi kutoka North Carolina, alilinunua gitaa lake la kwanza utotoni kwa dola 3.75 alizozitoa katika ujira wa kazi za nyumbani. Aliligeuza bila kubadilisha uzi hata mmoja, besi akizipiga kwa vidole na sauti za juu kwa dole gumba, na mtindo huo ukapewa jina lake. Alituzwa Grammy akiwa na umri wa miaka tisini na ushei. Albert King alifanya vivyo hivyo katika muziki wa bluzi. Anayejifunza hivi anaweza kuchukua gitaa lolote popote na kupiga, faida ambayo mwenye gitaa la kushoto hana, kwa vile hawezi kuazima la mwenzake. Sipendekezi kwa anayeanza, maana hakuna mwalimu atakayemwonyesha vidole viende wapi.

Sokoni kwenye mitumba, tazama maandishi ya kichwani mwa gitaa katika picha ya muuzaji. Yakisomeka kinyume kama kwenye kioo, picha ndiyo iliyogeuzwa na gitaa ni la kulia. Yakiwa yamepinduka miguu juu, ni la kulia lililogeuzwa. La kushoto halisi husomeka sawasawa linaposhikwa kwa kushoto. Hakikisha pia shingo haijapinda, na utenge pesa za kununua amplifaya, chombo ambacho angalau hakijui kushoto wala kulia.

Sisi tulipata gitaa la muundo wa SG lililokwisha kutumika kwa Sh12,000. Nati, nyuzi na kazi ya fundi vilitugharimu Sh3,500. Daraja la gitaa hilo hukaa kimshazari, hivyo fundi alilazimika kuvigeuza baadhi ya vijichuma vyake vielekee upande wa pili ili apate milimita mbili tatu alizokuwa amezikosa. Alichukua alasiri nzima, na mpwa wangu alisimama karibu naye muda wote.

Michoro ya vitabuni anaisoma kinyume, lakini akikaa mkabala na kiongozi wa bendi ya kwaya anamwiga kama mtu anayejitazama kwenye kioo, jambo ambalo wenzake hawawezi. Kero iliyobaki ni vitufe vya kuzungusha vya sauti, ambavyo sasa viko juu, pale pale mkono unapopumzikia. Katika ibada yake ya kwanza na gitaa hilo, mkono uligusa kitufe katikati ya ubeti wa pili na gitaa likanyamaza. Kwaya iliendelea kuimba. Kitufe hicho sasa kimefungwa kwa utepe mweusi.